Mbolea ya kuku inapoishia hewani: dalili, chanzo na la kufanya

Mkulima wa huku Tanga akiona mahindi yamedumaa ilhali aliweka mbolea ya kuku, wazo la kwanza ni kwamba mbolea ilikuwa chache. Msimu unaofuata anaongeza viroba. Kirikuu kinapiga tripu mbili badala ya moja kutoka mabanda ya Pongwe au Kange, hela inatoka, na mahindi yanabaki na rangi ile ile ya njano. Mimi nasema mara nyingi viroba vilitosha. Kilichokosekana ni naitrojeni iliyokuwa ndani yake, nayo haikuliwa na magugu wala haikuibwa: ilipaa kabla jembe halijaifikia.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama wakulima wenyewe wanavyozieleza. Tafuta iliyo yako, lakini soma kwanza aya hizi tatu, maana bila hizo utakuwa unabahatisha.

Kuku hana kibofu. Mkojo wake hutoka pamoja na kinyesi, na ndio ile sehemu nyeupe unayoiona juu ya kinyesi kibichi. Weupe huo ni asidi ya yuriki, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni. Bakteria huivunja ikawa urea, kisha urea ikawa amoniamu. Amoniamu yenyewe haina tatizo: huyeyuka majini, hushika kwenye chembe za mfinyanzi, na mizizi huifikia. Tatizo ni kwamba penye joto na alikali, amoniamu hugeuka amonia, nayo ni gesi. Ndiyo hiyo inayokuwasha pua ukifungua mlango wa banda asubuhi.

Kiasi kinachogeuka gesi kinategemea sana pH, yaani kipimo cha tindikali na alikali (7 ni katikati, juu yake ni alikali). Kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, gesi haifiki hata asilimia 1 ya jumla ya amoniamu na amonia. Ikipanda hadi 8 inakuwa kama asilimia 5, na ikifika 9 inapita theluthi. Mbolea ya bandani mara nyingi iko kwenye 8 au zaidi, kwa hiyo inatoka kwako ikiwa tayari kupaa.

La tatu: bakteria wanataka maji. Mbolea iliyokauka kabisa hutulia, asidi ya yuriki ikabaki humo humo. Ikilowa, kazi inaanza upya.

“Tumeimwaga asubuhi, hadi jioni inachoma macho”

Hii ndiyo dalili inayoletwa na wengi, na ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Chanzo ni kimoja tu: mbolea iko juu ya udongo. Jua, upepo na unyevu vinaongeza kasi, lakini hakuna kati ya hivyo kingefanya kitu cha maana kama mbolea ingekuwa chini.

Kalenda yetu nayo inatuponza. Mtu wa Muheza au Mkinga anaandaa shamba Februari ili masika ya Machi yamkute tayari. Februari ndiyo kaskazi yenyewe: mchana joto linapita nyuzi 30, upepo haukatiki, ardhi imekauka. Upepo unafagia amonia iliyojikusanya juu ya mbolea, na kila inapofagiwa, nyingine inatoka kushika nafasi yake. Mbolea imetoka bandani na unyevu wake, kwa hiyo bakteria wako kazini. Huwezi kupanga mazingira mabaya zaidi ya hayo hata ukiyatafuta.

Amonia iliyokwisha kutengenezwa bandani hutoka katika saa za mwanzo. Baada ya hapo asidi ya yuriki iliyobaki inaendelea kuvunjika polepole, na mbolea ya kuku iliyoachwa juu inaweza kuendelea kupoteza kwa wiki kadhaa. Harufu itapungua, pua yako itazoea, utadhani imekwisha. Haijaisha.

Sasa angalia kazi inavyofanyika. Kirikuu kinashusha, vibarua wanasambaza ekari nzima mpaka saa tano, wanakaa chini ya mwembe, wanakula, na kulima kunapangwa kesho. Au trekta likipatikana. Dereva wa trekta anasema kwenye simu, “Nakuja sasa hivi, mzee wangu,” na sisi sote tunajua sasa hivi ya dereva wa trekta mwezi wa Februari ni siku gani.

Geuza utaratibu. Usimwage zaidi ya unachoweza kufukia kabla hujapumzika. Kwa jembe la mkono, mtu mmoja anatangulia na ndoo akimwaga mstari mmoja, mwenzake yuko nyuma yake na jembe, hatua chache tu. Wa mbele akifika mwisho, akageuka akamwona mwenzake bado yuko katikati, anaweka ndoo chini na kushika jembe la pili. Akisema “ngoja nimalize kumwaga kwanza,” hapo ndipo mambo yanapoharibika. Viroba vinavyosubiri zamu vikae kivulini, midomo imefungwa. Sentimita 5 hadi 10 za udongo zinatosha. Hakuna haja ya kuchimba kaburi. Kama unapanda kwa mashimo ndiyo rahisi zaidi: weka shimoni, changanya na udongo, funika, nenda shimo linalofuata.

Kwa anayetegemea trekta au pawatila: viroba visifunguliwe mpaka mashine iwe imesimama shambani na mafuta yamo.

Kuna wanaoshauri kumwaga jioni jua likiinama. Ushauri mzuri, lakini ueleweke: jioni inakupa saa kadhaa za ubaridi na upepo mdogo, basi. Ukimwaga jioni na kuiacha mpaka kesho kutwa, umeahirisha hasara tu.

Ukitaka kuona ni fedha ngapi, piga hesabu hii. Mbolea ya kuku wa nyama yenye maranda ikiwa na naitrojeni asilimia 3, kiroba cha kilo 40 kina kilo 1.2. Viroba 20 vina kilo 24, yaani kama mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, ambao una kilo 23. Ikipaa robo tu ya hiyo, ni kilo 6 za naitrojeni. Kuzirudisha utanunua kilo 13 za urea. 

“Mvua ilinyesha, nikashukuru, kesho yake harufu imezidi”

Ilikuwa mvua ya namna gani? Swali lote liko hapo. Manyunyu yanayolowesha uso wa mbolea bila kuipeleka chini ni mabaya kuliko ukavu, kwa sababu yameamsha bakteria na hayajasukuma kitu. Jua la kesho yake linakuta amonia mpya iko tayari. Mvua ya kweli, ya milimita 10 au 15 kwenda juu, inayeyusha amoniamu na kuizamisha kwenye udongo, na hapo imekufanyia kazi ya jembe, au angalau nusu yake.

Kupima ni rahisi. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani, mbali na paa na miti, asubuhi chomeka rula. Sentimita moja ya maji ni milimita 10 za mvua. Ukikuta kidole kimelowa tu, chukua jembe uende shambani kabla jua halijapanda.

Walioko kwenye miteremko ya Lushoto wasiitegemee mvua hata ikiwa kubwa. Huko itachukua mbolea yenyewe, maranda na kila kitu, na kuipeleka bondeni kwa jirani.

“Nimeifukia vizuri, lakini harufu bado ipo”

Kwanza tembea shambani uangalie. Kama unaona maranda yanachungulia juu ya udongo, hukuifukia vizuri. Uliichanganya na vumbi la juu. Rudi na jembe. Lakini kama kweli iko chini na bado inanuka, uliza maswali mawili.

La kwanza: kuna majivu au chokaa humo ndani? Watu wengi wananyunyiza majivu bandani kukausha sakafu na kufukuza utitiri. Wengine wanamwaga chokaa wakisafisha banda kati ya kundi na kundi, kisha wanazoa vyote pamoja na kuviuza kama mbolea. Vyote viwili ni alikali, na ukirudi kwenye zile takwimu za pH utaona mara moja kinachotokea. Chokaa ni kitu kizuri mahali pake. Majivu pia. Mahali pake si ndani ya kiroba cha mbolea ya kuku.

Ukitaka kushuhudia mwenyewe, tafuta chupa mbili za jamu zenye mifuniko. Weka kila moja mbolea ile ile kiasi cha kikombe, na maji ya kuifanya iwe kama uji mzito. Kwenye moja ongeza vijiko viwili vya majivu ya kuni, koroga. Nje ya kila kifuniko andika ni ipi. Kwa ndani bandika kipande cha karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa. Mwalimu wa kemia wa sekondari ya karibu atakupa vipande viwili ukimwomba kwa adabu. Funga, weka kivulini. Litmasi nyekundu hugeuka buluu ikikutana na amonia, na ile ya chupa yenye majivu itawahi mwenzake. Ukifungua, usiingize pua. Fungulia nje, upepo ukiwa unakupuliza mgongoni.

Swali la pili: udongo wako ni wa namna gani? Ukanda wa pwani una mahali pengi ambapo chini ni matumbawe, na kule Kiomoni na Amboni ni mawe ya chokaa, yale yale yaliyotengeneza mapango. Udongo wa juu ya mawe hayo unaweza kuwa na pH inayopita 7.5, na amonia hutoka hata kwenye mbolea iliyofukiwa kwa kina kidogo. Hapo fukia kina cha jembe zima, na weka kidogo kidogo kwa awamu badala ya mzigo mzima kwa siku moja. Kinyume chake, ule udongo mwekundu wa Amani na Usambara una tindikali, na wenyewe huishika amoniamu vizuri zaidi. Tatizo linaanza pale mkulima wa huko anapoweka chokaa kurekebisha tindikali, halafu wiki ile ile akamwaga mbolea ya kuku juu yake. Tanguliza chokaa, ilimie chini, acha wiki kadhaa na mvua mbili tatu zipite, ndipo ulete mbolea.

Huko Marekani wafugaji wakubwa wa kuku wa nyama hunyunyiza bandani aluminiamu salfeti, ambayo ni ya ukoo wa shabu tunayosafishia maji, ili kushusha pH na kuizuia amonia isitoke. Kikemia iko sawa kabisa. Kwa mfugaji wa kuku 200 wa Kange, nadhani hela hiyo inunue turubai.

“Haina harufu yoyote, na mahindi ni ya njano”

Hii ndiyo inayowachanganya watu, maana tumezoeshwa kwamba mbolea isiyonuka ndiyo iliyoiva. Inaweza kuwa imeiva. Inaweza pia kuwa imekwisha.

Kabla ya lolote, hakikisha unachokiona ni njaa ya naitrojeni. Kwenye mahindi huanzia majani ya chini, yaliyozeeka. Njano inaanzia nchani na kuingia katikati ya jani ikifuata ule mshipa mkubwa, ikichora umbo la V. Mmea unayanyang'anya majani ya zamani ili ulishe machanga. Ikiwa majani machanga ya juu ndiyo ya njano, au yana mistari kati ya mishipa huku ya chini yakiwa ya kijani, tafuta kwingine: salfa, au kwenye udongo wa matumbawe, zinki na chuma.

Kama ni V ya majani ya chini, uliza mbolea ilikaa wapi kabla haijafika kwako. Rundo lililokaa nje ya banda miezi mitatu bila kufunikwa limelowa na kukauka mara nyingi. Kila mzunguko umetoa sehemu yake hewani, na mvua kubwa imechuja iliyobaki ikaenda ardhini pale pale. Ndiyo maana majani ya kando ya rundo yana rangi ya kijani iliyokolea kuliko shamba lako. Hata mboji iliyotengenezwa kwa uangalifu hupoteza naitrojeni nyingi, na rundo la kuku linalogeuzwa kila mara linaweza kupoteza hadi nusu. Sisemi usitengeneze mboji. Nasema usiilipie kwa bei ya mbolea mbichi ukitarajia nguvu ile ile. Kama rundo ni lako, lifanye la kina badala ya kulitandaza, likandamize, lifunike kwa turubai, liwe mahali maji hayapiti, na uliache litulie.

Sababu nyingine ni maranda. Banda lililomwagiwa maranda mengi na kuku wachache linatoa mbolea ambayo zaidi ya nusu ni mbao. Bakteria wanaovunja mbao wanahitaji naitrojeni, na wasipoipata ya kutosha humo wanaichukua kwenye udongo, mbele ya mahindi yako. Hapo naitrojeni haikupaa. Imekopwa, na itarudi baadaye, pengine msimu ujao. Pumba za mpunga zina tabia hiyo hiyo ila kwa kiasi kidogo kuliko vumbi la mbao. Chota mbolea mkononi uipepete: ukiona vipande vya mbao vingi bado vyeupe na vigumu, ndiyo hiyo. Dawa ni kuiweka wiki chache kabla ya kupanda, au kuongeza urea kidogo.

Halafu kuna maji kusimama. Kwenye mabonde, mvua za masika zikijaza udongo kwa siku kadhaa, hewa inaisha humo ndani. Bakteria wa aina nyingine huanza kupumua kwa naitreti, yaani kile ambacho amoniamu hugeuka ikikaa udongoni, na naitrojeni inaondoka kama gesi zisizokunusia chochote. Moja ya gesi hizo ni naitrasi oksaidi, ambayo kwa uzito ule ule hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko hewa ukaa ukipima kwa miaka 100. Pua haitakusaidia hapa. Kitakachokuambia ni ramani ya njano yenyewe: ikifuata mabonde na madimbwi, chimba mifereji kabla hujafikiria mbolea. Kwenye mchanga wa karibu na bahari, njano ikiwa sawasawa shamba zima baada ya mvua kubwa, huenda naitreti imezama chini ya mizizi.

“Michungwa yangu naiwekea kila mwaka, haijibu”

Muheza hii naiona sana. Mwenye shamba anamwaga debe la mbolea chini ya mti, juu ya majani makavu na nyasi, karibu na shina, kisha anaondoka. Majani makavu yanaizuia mbolea isiguse udongo, na uso wa majani hayo una bakteria wengi wenye uwezo wa kuvunja urea. Ni kama kuiweka kwenye kichanja ikauke. Na shina halina mizizi ya kunyonya. Hiyo iko mbali, chini ya ukingo wa kivuli cha majani, tena iko juu juu, kwa hiyo huwezi kulima kwa nguvu bila kuikata.

Chukua reki. Vuta majani makavu pembeni kuzunguka mti, kuanzia hatua moja kutoka kwenye shina hadi ukingo wa kivuli. Kwaruza udongo juu juu, mwaga mbolea, kwaruza tena ichanganyike, kisha rudisha majani yote juu yake. Sasa majani yale yale yaliyokuwa adui yanakinga jua na upepo. Fanya hivyo vuli ikiwa imekwisha kushika, Novemba kwa mfano, si katikati ya kaskazi.

“Nilifukia siku ile ile, miche ikaungua”

Umeizuia amonia isipae, ikawakuta miche. Kuweka mbolea mbichi na mbegu shimo moja kwa siku moja ni kuitafuta hasara. Acha wiki mbili au tatu kati ya kufukia na kupanda, udongo ukiwa na unyevu, au weka tabaka la udongo mtupu kati yao. Bustani za mchicha na bamia ndizo zinazoungua zaidi kwa sababu watu huwa na haraka. Na tafadhali, mbolea mbichi isirushwe juu ya majani yanayoelekea sokoni. Kuna salmonela humo.

Umejaribu na bado hujui ni lipi

Tenga mistari minne ya mahindi inayofanana, udongo mmoja, siku moja. Wa kwanza usiweke kitu. Wa pili weka mbolea na kuifukia papo hapo. Wa tatu weka kiasi kile kile kwa mtindo wako wa siku zote. Wa nne fanya kama wa pili, kisha mahindi yakifika magotini ukuzie kwa urea, na hiyo urea uifukie pia, maana ikiachwa juu hupaa kwa njia ile ile.

Wa pili ukiupita wa tatu waziwazi, naitrojeni yako inaenda hewani na umekwisha kujua dawa. Wa pili na wa tatu vikilingana, ila wa nne ukawaacha wote, mbolea ilifika ikiwa tupu au ina mbao nyingi. Badilisha muuzaji, au nenda ukalione rundo lake kabla ya kulipa. Yote minne ikiwa sawa na yote ni dhaifu, si suala la naitrojeni tena. Chota udongo wa sentimita 0 hadi 20 sehemu kumi hivi za shamba, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, chukua kama kilo moja na uipeleke TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, pale Muheza. Waombe wakupimie pH na fosforasi kwanza, na waambie umewahi kuweka majivu au chokaa mwaka gani.